Mashine Moja, Matamko Mawili

Tangu nihamie Lodwar, kitu pekee nilichokiona kikienda moja kwa moja kwenye shida yake bila kwanza kuuliza habari za watoto, mvua na mbuzi ni ujumbe wa forodha. Mtu wa hapa akiingia ofisini kwangu husema ejok, nami hujibu ejok, ananiuliza ya nyumbani, namuuliza ya nyumbani, tunanyamaza kidogo kama watu wanaoheshimiana, ndipo karatasi itoke mfukoni. Ujumbe wa forodha hauna muda huo. Husema nani anautuma, nani anaupokea na umetumwa lini, halafu huingia kazini. Mwanzoni niliupenda kwa sababu hiyo hasa. Mimi ni mtu wa Busia, nimekulia mpakani katikati ya malori, na subira sikupewa nyingi.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mtu akitaka kuvusha mzigo kwenda nchi nyingine, mimi ndiye ninayemtangazia serikali: ni kitu gani, kina uzito gani, kimetengenezwa wapi, kinaenda wapi, ni cha nani. Tangazo hilo kwenye sheria huitwa tamko. Sisi wenye kazi tunaita entri. Siku hizi halipelekwi kwa mkono. Unajaza nafasi kwenye kompyuta, programu inakusanya ulichojaza na kukigeuza ujumbe, ujumbe unakwenda kwenye mfumo wa forodha, na mfumo unajibu. Ukiona inafanyika unaweza kudhani hakuna kazi hapo. Hata mwenye nyumba wangu aliwahi kuniuliza kama ninalipwa kwa kukaa chini ya feni.

Feni yenyewe husukuma joto kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Ofisi iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka wangu wa kwanza nilikaa humo nikitazama neno moja kwenye skrini: imekataliwa. Mzigo ulikuwa wa samaki wakavu wa Kalokol, kule ziwani, waliokuwa wakielekea Kongo kupitia kwetu Busia. Walikuwa kwenye magunia mlangoni, na wapita njia walishika pua. Kila nikituma entri, imekataliwa, na namba ya kosa ambayo haikumaanisha lolote kwangu. Niliwapigia simu waliotuuzia programu. Kijana wa huko akaniambia nizime kompyuta niiwashe. Nikazima, nikawasha, imekataliwa. Damu ikanichemka. Nikaamua kuusoma ujumbe wenyewe kwa macho yangu, ukiwa uchi, kabla programu haijauvika nguo.

Nilipoufungua nilidhani kompyuta imeharibika. Yalikuwa mafungu ya herufi na tarakimu, alama za kujumlisha na nukta pacha, bila nafasi ya kupumua. Lakini kila mstari ulianza kwa herufi tatu, na baada ya kuangalia sana niliona herufi hizo zinajirudia kwa mpango. Nikatafuta kitabu cha maelekezo, cha Kiingereza kigumu, nikawa nakisoma mchana saa ambazo watu wa Lodwar wamelala kulikwepa jua. Kidogo kidogo kikafunguka. Herufi tatu za mwanzo hukuambia mstari unahusu nini: huu wa mwenye mzigo, huu wa mahali, huu wa tarehe, huu wa uzito. Alama ya kujumlisha hutenga vyumba. Nukta pacha hutenga vitanda ndani ya chumba. Na chumba kikikosa mtu hakibomolewi; unaacha alama mbili zifuatane, kuonyesha kwamba hapa pana chumba ila hakuna aliyelala. Ukikibomoa, kila aliye nyuma husogea mbele, na uzito wa samaki hujikuta umelala kitanda cha jina la nchi. Programu yetu ilikuwa inabomoa vyumba vitupu. Ndiyo maana samaki wa Kalokol walininukia wiki nzima.

Nilirekebisha kwa mkono, nikatuma, ikakubaliwa. Sijawahi kujisikia mwerevu namna ile, wala kabla wala baada.

Kuanzia hapo nikawa nausoma kila ujumbe kabla haujatoka, na nikazijua tabia zake. Mstari wa mwisho huhesabu mistari yote na kurudia namba iliyo kwenye mstari wa kwanza, ili mpokeaji ajue hakuna kilichodondoka njiani. Karibu na mwanzo pana tarakimu ndogo inayosema ujumbe umekuja kufanya nini: ni mpya, au umekuja kuchukua nafasi ya mwingine, au umekuja kuufuta. Anayeruhusiwa kuufuta ni aliyeutuma, si mwingine. Na mfumo ukijibu, jibu la kwanza husema nimepokea, basi. Kupokea si kukubali. Wazee wanaweza kuwapokea wageni wa posa vizuri, wakawalisha, na binti asiolewe.

Yule mama alikuja asubuhi moja kutoka Kakuma. Alikuwa mtu wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliketi kwenye benchi langu akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa ameingia kambini akiwa msichana. Kwa miaka mingi alikuwa na mashine ya kusaga, akiwasagia wakimbizi wenzake na Waturkana wa nje ya kambi, na kwa mashine hiyo alilea watoto wote. Sasa alikuwa anarudi kwao. Mwanawe mkubwa alikuwa ametangulia ng'ambo na kujenga banda la kuiweka.

"Dada yangu, hii mashine lazima iende na mimi," aliniambia. "Bila hii, mimi nafika kule mikono tupu. Kule kazi hakuna. Kuna mtama tu, na wamama wanatwanga na kinu."

Nikamuuliza swali ambalo lazima niulize, kwa sababu lina chumba chake kwenye ujumbe. Mali ikitoka nchini, inatoka moja kwa moja, au inatoka kwa muda na itarudi. Ikitoka moja kwa moja, siku ikirudi inahesabiwa kuwa mgeni na inalipiwa ushuru kama kitu kilichonunuliwa nje. Ikitoka kwa muda, inaruhusiwa kurudi bila kuulizwa, mradi irudi kabla muda haujakwisha.

"Mama, unaenda na kurudi, ama unaenda kabisa?"

Aliukaza mfuko wake kifuani. "Naenda kabisa," akasema. "Kalas, imeisha."

Nikajaza chumba hicho: inatoka moja kwa moja. Nikausoma ujumbe mstari kwa mstari, nikatuma, na kabla hajamaliza chai yake jibu la kukubaliwa lilikuwa limefika. Nilimwandikia namba ya entri nikamwambia aende akafunge mizigo, kazi imekwisha. Alinishukuru, lakini niliona hakuniamini. Hilo lilinikera. Mtu akifanyiwa kazi safi, angalau aamini.

Magari ya kwenda mpakani hayatoki moja moja. Yanakusanyika Kakuma, yanaondoka kwa msafara pamoja na askari, kwa sababu ile barabara ina mambo yake. Msafara ukikuacha unangoja mwingine, na hakuna anayeweza kukuambia mwingine ni lini, hasa mawingu yanapokuwa yamekaa juu ya milima ya upande wa Uganda na mito mikavu imeanza kushusha maji. Siku ya kupakia nilikwenda Kakuma mwenyewe, kwa kuwa kwenye lori hilo hilo nilikuwa na mzigo wa mteja mwingine. Nilimkuta mama ameketi juu ya magunia yake karibu na gurudumu. Nyumba alikuwa amemwachia jirani, kadi ya chakula ameirudisha, na mahali ilipokuwa mashine palibaki sakafu ya saruji yenye mafuta. Mashine yenyewe ilikuwa juu ya lori: injini ya dizeli, magurudumu ya mkanda, na lile bomba pana la kumwagia nafaka likiwa limefungwa kwa blanketi.

Afisa wa forodha aliyekuja kukagua na kufunga sili alikuwa kijana aliyehamishiwa huku mwaka ule ule, bado anajifunika shingo kwa leso. Alipanda, akatazama, akashuka, akaitazama tableti yake.

"Madam," akaniambia, "hapa huyu mama ako na entri mbili. Mashine ya kusaga, halafu tena mashine ya kusaga. Mimi nimeona moja. Ingine iko wapi?"

"Mashine ni moja."

"Kwa mfumo ni mbili. Siwezi kufunga sili kwa moja na mbili zimetangazwa. Kesho nitaulizwa hiyo ingine ilipitia wapi."

Alikuwa na haki, na haki yake ilinikasirisha zaidi. Nilimwomba anionyeshe entri ya pili imetumwa na nani. Nilipoona, nilijua kabla sijamaliza kusoma. Kakuma kuna wakala mwenyeji, Mturkana wa pale pale, ambaye hufanya kazi na laptopu yake kwenye baraza ya duka la nguo la Msomali. Tulikuwa tumenyang'anyana wateja kwa muda mrefu. Mimi nilisema kazi yake ni ya barazani, yeye aliniita mama ya Lodwar, na haikuwa kwa heshima.

Nikampigia. Alikuja kwa miguu, laptopu kwapani, hana haraka.

"Ejok," akasema.

Sikujibu. Huku kutojibu ejok ni tusi, nami nilikusudia.

"Umechukua mteja wangu," nikamwambia.

"Mimi sikuchukua mtu. Huyu mama alikuja kwangu na makaratasi yake, nikafanya kazi yangu. Kwani wewe ulikuwa umemfunga kamba?"

Mama alisikia, akainuka kutoka kwenye magunia. "Ni mimi," akasema. "Musigombane. Nilipeleka kwa huyu dada, halafu nikapeleka kwa huyu."

"Kwa nini, mama?" nilimuuliza. "Mimi si nilikupa namba? Si nilikuambia imekubaliwa?"

Akatueleza bila kuona haya, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko. Wakati wa vita, alisema, ukitaka mama yako ajue uko hai, unatuma watu wawili. Mmoja anapita njia hii, mwingine anapita ile. "Na huwaambii kama wako wawili," akasema. "Mtu akijua kuna mwingine, analegea. Mmoja akifa njiani, mwingine anafika." Hivyo ndivyo alivyotuma habari za kuzaliwa kwa watoto wake na za kifo cha mumewe. Hata simu zilipokuja, neno zito bado alilituma kwa vinywa viwili. Na tangu aanze kutuma hivyo, hakuna neno lake lililopotea.

"Mama, mshika mbili moja humponyoka," nikamwambia kwa ukali.

"Ikiponyoka moja," akajibu, "si ingine inabaki?"

Yule wakala akacheka. Mimi sikucheka. Kwa watu, habari moja ikiletwa na wawili wasiojuana ni habari iliyothibitika. Nilijaribu kumweleza kwamba mfumo hausikii hivyo. Wenyewe unatazama namba. Namba mbili, wajumbe wawili, basi ni mashine mbili, na moja imefichwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mfumo hauwezi tu kumtazama yeye na kuona ni mtu mmoja.

Dawa yake haikuwa ngumu. Entri moja ifutwe, ibaki moja. Nilimwambia mwenzangu afute yake. Akaniambia nifute yangu. Madereva walikuwa wameanza kuwasha injini. Nikamwambia basi anionyeshe ujumbe wake, si ile fomu, ujumbe wenyewe, maana nilikuwa na hakika nitakuta vyumba vimebomolewa na nchi imelala kitanda cha uzito. Tukaketi kwenye kivuli cha mabati, laptopu mbili ubavu kwa ubavu, na nikasoma.

Ulikuwa safi. Vyumba vitupu vilikuwa mahali pake, hesabu ya mstari wa mwisho ilikuwa sawa, hata uzito alikuwa ameutenga wa mashine peke yake na wa mashine pamoja na mbao za kufungia, jambo ambalo mimi huwa naona uvivu kulifanya. Wivu ulinishika kidogo. Halafu nikaona chumba kimoja kinachotofautiana na changu, na moyo ukanirudi.

"Umekosea hapa," nikamwambia. "Umeandika inatoka kwa muda. Huyu mama anahama."

"Sijakosea," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Mimi nilimuuliza. Yeye mwenyewe alisema atarudi."

Tukamgeukia sote, na afisa naye akamgeukia.

Mama alitazama chini. Akasema kwamba hii si mara yake ya kwanza kurudi kwao. Miaka ya nyuma walitangaziwa kuna amani, akaenda na watoto, akiwa na mashine ndogo aliyoinunua kwa kusuka mikeka na kupika chapati. Amani ile haikumaliza msimu. Walikimbia na watoto na sufuria moja, mashine ikabaki huko, na alianza tena Kakuma kutoka kwenye chapati. "Wewe dada uliniuliza kama naenda kabisa, nikasema kabisa. Ilikuwa ukweli. Huyu aliniuliza siku ingine, nikasema nitarudi. Hiyo pia ilikuwa ukweli."

Nimejaza entri nyingi maishani, na najua misimbo ya vitu ambavyo watu wengi hawajawahi kuviona. Kwa jambo lile sikuwa na msimbo. Hasira iliniisha yote, na nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama usoni.

Mwenzangu ndiye aliyemweleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha Kakuma. Entri ya mama ya Lodwar ikibaki, mashine ni ya kule, ikirudi itahesabiwa kama mgeni. Entri yake ikibaki, mashine ni ya hapa, imeenda tu kutembea, na kuna siku ya mwisho ya kurudi. Ikipita hiyo siku bila kuomba kuongezewa, mlango umefungwa. Mama alisikiliza akitikisa kichwa.

"Na mtu?" akauliza. "Mtu akirudi, anahesabiwa namna gani?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikamwambia watu hawamo kwenye ujumbe wangu, wana ofisi yao, na sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo, na lilikuwa jibu baya.

Dereva akapiga honi. Mama akalizunguka lori, akasimama upande wa mashine, akaweka mkono kwenye blanketi la bomba kama unavyomshika ng'ombe asiyetulia. Akarudi.

"Dada," akaniambia, "futa yako."

Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Entri yangu ilikuwa safi, ilitangulia, na nilikuwa naifuta mbele ya mtu wa barazani. Lakini mali haikuwa yangu, wala safari haikuwa yangu. Nikachukua namba ile ile ya entri, nikabadilisha tarakimu ile moja inayosema ujumbe umekuja kufanya nini, nikatuma. Jibu la kwanza likaja upesi: nimepokea. Halafu kimya.

Mtandao wa Kakuma unajulikana. Ulikuwepo, ukaondoka, ukarudi nusu. Afisa alitazama tableti yake, kwake bado mashine mbili. "Madam, tuma tena," akasema. Dereva naye akasema nitume tena. Mtu aliyekuwa akiuza soda, ambaye hakujua tunatuma nini, naye akasema nitume tena. Huku kila mtu hutuma tena. Simu ikikatika unapiga tena, ujumbe usipojibiwa unatuma tena, na hakuna anayedhurika. Nikawaambia hakuna mtu atakayegusa kompyuta hii. Umepokelewa. Ukipokelewa unangojwa; ukirudiwa, mfumo unahesabu ujumbe mwingine. Sikuwa nimewahi kusikia subira ikitoka kinywani mwangu namna ile.

Gari la kwanza la msafara likaanza kusogea. Mwenzangu akalitazama, akaniachia laptopu yake, akaenda hadi kwenye gari la askari, na nikamsikia akimsalimia mkubwa wao kwa Kiturkana. Ejok. Ejok nooi. Akauliza ya nyumbani, akauliza ya mbuzi, akauliza kama mvua imefika kwao Lokori, na kila jibu alilipokea kwa utulivu na kuliulizia swali jingine. Mkubwa wa askari hakuweza kumkatiza. Angemkatizaje mtu anayemuulizia mama yake? Msafara mzima ulisimama ukingoja salamu ziishe. Nilikuwa nimezilaani salamu hizo miaka yote, na siku hiyo niliomba ziongezeke.

Jibu likaingia: imefutwa. Afisa akafungua upya tableti yake, akasoma, akanionyesha kidole kimoja. Akafunga sili, akasaini, akasogea kando. Mama alipanda juu ya magunia yake, akafunga kitambaa vizuri kichwani. "Shukran, dada," akasema, kisha akamshukuru na yule mwenzangu kwa sauti ile ile. Lori likaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye vumbi na mshindani wangu. Akaniambia ejok kwa mara ya pili siku ile, na nikamjibu. Alininunulia chai kwenye kibanda cha Mkongomani, tukazungumza habari za vyumba vitupu, na nikagundua kwamba naye alifundishwa na mzigo wa samaki wa Kalokol.

Tangu hapo tukawa tunapigiana simu. Hatukuwa marafiki kabisa, lakini akikwama ananiuliza, nikikwama namuuliza. Habari za ng'ambo zilitufikia kama zinavyofika huku, vipande vipande. Kila nikisikia kumechafuka, nilikuwa nayatazama malori yanayoshuka Lodwar kutoka mpakani, kama kuna lililobeba chuma kimefunikwa turubai. Nilikuwa naogopa kuliona. Sikuwahi kuliona, lakini kutoliona pia hakukunituliza, maana mara ya kwanza mashine ilibaki huko na watu ndio waliokimbia.

Halafu siku moja yule mwenzangu akaingia ofisini kwangu Lodwar, laptopu kwapani. Onyo lilikuwa limemfikia, kwa kuwa entri iliyobaki ilikuwa yake na mfumo humjibu aliyetuma ujumbe. Lilisema mashine ya kusaga iliyotoka kwa muda haijarudi, na muda unakwisha siku ile ile ofisi zikifungwa. Alikuwa ameshaandaa ujumbe wa kuomba muda uongezwe. Ulikuwa tayari kwenye skrini, umebaki kutumwa tu. Lakini kuongeza ni mpaka mwenye mali akubali, na namba ya simu ya yule mwana wa mama aliyetangulia ng'ambo nilikuwa nayo mimi.

Tukapiga. Mwanawe akapokea, akasema ngojeni nimpelekee, na tukasikia anatembea. Kisha tukasikia injini. Ilikuja ikiongezeka mpaka simu yote ikawa inanguruma, na ndani ya ngurumo hiyo watu wanabishana nani alifika kwanza, na debe linagongwa.

"Nani?" mama akasema kwa sauti ya juu, sauti ambayo sikuijua.

"Ni mimi, dada yako wa Lodwar. Tuko wote wawili. Mama, ile entri inaisha leo."

"Ile ya kurudi?"

"Hiyo. Tukuongezee? Sema tu ndiyo, tutume sasa hivi."

Mtu mmoja pale alimwita, naye akamjibu kwa lugha yao, maneno marefu, na akacheka kidogo. Nikamwambia azime mashine dakika moja tuelewane.

"Nizime namna gani, dada?" akasema. "Watu wamepanga mstari mpaka nje. Piga kesho." Na simu ikakatika.

Mwenzangu alinitazama, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Kesho itakuwa imekwisha," akasema. Nikamwambia najua. Angeweza kutuma bila ruhusa. Hakuna ambaye angemuuliza. Akakiondoa kidole, akaegemea ukuta, tukakaa chini ya feni mpaka jibu likaja kwamba muda umekwisha, entri imefungwa, na mashine ile haihesabiwi tena kuwa ya Kenya.

Kesho yake sikumpigia. Alikuwa kazini.